Nani Atasema Sifuri

Wenzangu wa chumba cha walimu, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, jiko la gesi na maneno mazuri ambayo nusu yake sikuyastahili. Mwalimu Kelvin akaongeza na ombi lake: niandike nilivyofanya kazi, "hata kurasa tatu tu, Mama, kabla hujasahau." Sijasahau. Vyeo nitaviruka maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaandikia habari ya makopo yangu kumi na moja, kwa sababu kila mmoja wenu ameshaniuliza kwa nini moja halina kitu, na kwa nini nilikuwa mbogo mtu akitupia maganda ya karanga ndani yake.

Mimi ni mtu wa Mamboya, mlimani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa shule moja ya msingi upande wa Mvumi, kule tambarare, ambako nilifika na sanduku la bati na viatu visivyojua matope. Jina la shule naliacha, kwa kuwa kosa nitakaloeleza lilikuwa langu. Mwalimu mkuu alinipeleka darasa la kwanza nijifunze kwa Mwalimu Salumu, mzee mwembamba, mzaliwa wa pale pale, aliyefundisha darasa hilo mpaka akaanza kupokea watoto wa wanafunzi wake. Ukutani alikuwa na rafu ndefu yenye makopo kumi na moja ya maziwa ya unga. La kwanza lilikuwa tupu, la pili lilikuwa na punje moja ya mahindi, la tatu punje mbili, na kuendelea hivyo hadi kumi.

Asubuhi ile nilitafuta mahali pa kuweka chaki zangu, nikaona kopo tupu, nikaziweka humo. Mwalimu Salumu akaingia. Nikamwamkia.

"Marahaba," akaitika, huku anatazama rafu. "Binti, umeijaza sifuri yangu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani hata chembe. Alinisubiri nitoe chaki zote, akalichukua kopo, akaligeuza juu chini mbele ya watoto na kulitikisa.

"Humu mna nini?"

"Hamna kitu!"

"Ngapi?"

"Sifuri!"

Akalirudisha mahali pake, mwanzo wa mstari. Saa nne, tukinywa uji, alinieleza. Mtoto aliyeanzia moja, alisema, siku akikutana na kumi au mia mbili na tano ataona kile kiduara kama pambo. Aliyeshika kopo tupu anajua kwamba hapo pamehesabiwa na hakuna kilichopatikana, na hilo ni tofauti kabisa na mahali ambapo hakuna aliyehangaika kuhesabu. Nililishika somo hilo kwa kichwa. Kulishika kwa moyo kulinichukua miaka, na kulimgharimu mtoto mmoja hofu kubwa kabla sijafika huko.

Makopo yana kazi yake, msidanganyike. Mahindi hupata fukusi, kwa hiyo yabadilisheni kila muhula. Jumatatu hesabuni upya, maana kopo la saba na la nane yana tabia ya kupungua. Mtoto mwenye njaa haheshimu hisabati. Msitumie maharage, huota. Mwalimu Salumu alipostaafu aliniachia makopo hayo, na nikahama nayo darasa hadi darasa.

Kisha akaja Mwalimu Mbwambo kuwa mwalimu wa taaluma. Huyu alikuwa mtu wa Upare, suruali imenyooka kwa pasi ya mkaa, kalamu nyekundu mfukoni hata siku ya harusi. Alikuwa mwalimu mzuri wa hisabati, tena mzuri kuliko mimi, na tuligombana tangu wiki ya kwanza.

Ugomvi ulianza na mtihani wa ujirani mwema. Kama mnavyojua, shule za jirani hutunga mtihani mmoja, walimu wakakusanyika kusahihisha kwa pamoja, kila mmoja na swali lake. Mwalimu Mbwambo alipangiwa swali la tatu: "Orodhesha namba za kuhesabia zilizo ndogo kuliko tano." Mwongozo ulisema moja, mbili, tatu, nne. Darasa langu zima, kama vile wameambizana, lilianza na sifuri. Akawapiga mkasi wote, watoto wa shule yake mwenyewe, na shule yetu ikashika mkia.

"Mwalimu Loyce," aliniambia mbele ya watu, "wewe ukienda zizini kuhesabu mbuzi, unaanza na sifuri?"

"Nikikuta zizi tupu nitasema wako wangapi?"

"Utasema wameibwa!"

Walimu wa shule nne wakacheka mpaka chai ikamwagika. Na mimi nilicheka, lakini niliumia. Tangu hapo ikawa kazi yetu ya kila siku. Yeye alisema namba za kuhesabia, ambazo wengine huziita namba asilia, zinaanzia pale kidole cha kwanza kinapoinuka. Mimi nilisema zinaanzia kwenye ngumi kabla kidole hakijainuka. Tulibishana mstarini, tulibishana kwenye mkeka wa msiba, na mwalimu mkuu akatutenganisha kwenye zamu.

Mwaka ule nilikuwa na darasa la nne, watoto arobaini. Shule ilikuwa na shamba ng'ambo ya mto, na desturi yetu ilikuwa kwamba kabla ya kuvuka na baada ya kuvuka, kila mtoto anapaza sauti namba yake ya daftari la mahudhurio kwa mpangilio. Moja! Mbili! Tatu! Akikosekana mmoja, sauti inakatika mahali pake, na hata mwalimu aliyegeuka kuangalia mpunga anasikia. Ni njia nzuri sana. Sikuwahi kupata iliyo bora zaidi.

Katikati ya mwaka akaja Agatha. Alitoka Vidunda na mama yake, wakaja kulima mpunga kwa mjomba wake. Alikuwa na miaka kumi, mpole, anayeamkia hata wanafunzi wa darasa la sita. Barua yake ya uhamisho haikuwepo. Ilikuwa bado inashuka mlimani kwa mwendo wa barua za serikali. Mwalimu mkuu alimruhusu akae darasani, ila akanikataza kumwandika daftarini mpaka karatasi ifike.

Siku ya kwanza ya kwenda shambani, watoto wakapaza namba zao mpaka arobaini, na Agatha akabaki amesimama pembeni, midomo inamcheza. Hakuwa na namba. Nikamwona analia. Nikapata wazo ambalo wakati ule nililiona la kijanja kupindukia.

"Agatha, wewe njoo mbele kabisa. Namba yako ni sifuri. Wewe ndiye unayeanza."

Akafuta machozi. "Sifuri!" akasema, na mtoto wa kwanza akajibu, "Moja!" Hesabu ikaenda mpaka mwisho. Jioni nilimsimulia Mwalimu Mbwambo kwa madaha kwamba sifuri sasa ina miguu miwili na inakula uji. Akasema, "Mpe barua, sio sifuri." Leo naweza kusema kilichokuwa moyoni mwangu: kumpa sifuri kulinipunguzia kazi ya kuifuatilia ile karatasi. Mtoto alifurahi, mimi nikatulia, na miezi miwili ikapita bila mimi kwenda hata mara moja ofisi ya elimu Kilosa kuuliza.

Basi ikafika ziara ya Mikumi. Tulikodi basi, tukatoka alfajiri kupitia Kilosa na kijiji kiitwacho Ulaya, na hadi leo wapo watu wazima wanaojisifu kwamba wamepita Ulaya wakiwa darasa la nne. Tulikuwa walimu wawili, mimi na Mwalimu Mbwambo, kwa sababu mwalimu mkuu aliona barabara ndefu itatupatanisha. Getini niliandika idadi kwenye karatasi ya kuingilia kwa kuhesabu vichwa: wanafunzi arobaini na mmoja.

Watoto waliona twiga, pundamila, na tembo mmoja aliyetupa mgongo kama tunamdai. Mchana tukafika bwawa la viboko, mahali ambapo wageni wanaruhusiwa kushuka. Wakala mihogo na mayai ya kuchemsha. Viboko walilala majini, masikio tu yanapepea.

Wakati wa kuondoka, mtoto mmoja alianza kutapika mlangoni pa basi, na mimi nikawa nahangaika naye kwa maji na kanga. Agatha akaja kando yangu.

"Mwalimu, naomba nikajisaidie."

"Nenda, urudi upesi."

Hayo ndiyo maneno yangu, na nikaendelea kupangusa. Mwalimu Mbwambo akapandisha watoto, akasimama katikati ya basi, akasema, "Haya, hesabu. Anza, moja!" Na mtoto wa kwanza akasema moja, wa pili mbili, wa tatu tatu. Sauti haikukatika popote. Nikiwa nimeinama pale mbele nikasikia "thelathini na tisa" na "arobaini", na sikio langu, ambalo limezoea kufungwa na arobaini, likaridhika. Nikamwambia dereva twende.

Angekosekana mtoto mwingine yeyote kati ya wale, pengo lingesikika. Aliyekosekana ni yule mmoja ambaye kukosekana kwake hakuachi pengo.

Tulifika getini saa kumi na moja hivi. Askari wa hifadhi, kijana mtaratibu mwenye daftari chini ya kwapa, akapanda kuhakiki. Alihesabu kwa kidole, akashuka, akapanda tena, akahesabu upya.

"Mwalimu, karatasi inasema arobaini na mmoja. Mimi nawaona arobaini."

"Ni arobaini," akasema Mwalimu Mbwambo. "Daftari letu lina arobaini, na wamejihesabu wenyewe."

Nikageuka nyuma, nikaita kwa sauti iliyonitoka vibaya: "Sifuri! Sifuri yuko wapi?"

Mtoto wa namba moja, aliyezoea kumsikiliza Agatha kabla ya kusema, akaanza kulia. "Mwalimu alisema tuanze moja," akasema.

Askari hakutulaumu. Alituambia tu tuwaache watoto kwa mwenzake wa getini, tupande gari lake, na njiani akasema kitu ambacho bora angekaa nacho: kwamba saa zile jua likipoa, viboko huanza kutoka majini kwenda malishoni. Mwalimu Mbwambo alipanda nyuma bila kuulizwa. Mimi nilisali Kikaguru, kama nilivyofundishwa na mama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kabla ya hapo, na katikati ya woga nilikuwa naiona ile barua ya uhamisho, jinsi ilivyokuwa rahisi kupanda gari asubuhi moja kwenda kuiulizia. Nilijua nikirudi bila yule mtoto, hata ofisini hakutakuwa na mstari wenye jina lake wa kuandika kwamba amepotea.

Tulipofika, kiboko mmoja alikuwa ameshapanda ukingo, amesimama kati ya bwawa na choo. Askari alipiga honi, akasogeza gari polepole mpaka yule mnyama akarudi majini kwa kisirani. Mlango wa choo ulikuwa wa bati na umefungwa kwa ndani. Nikagonga.

"Agatha! Ni mimi, Mwalimu Loyce."

Komeo likavutwa. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, gauni amelikunja magotini. Akainuka haraka, kama tunavyowafundisha.

"Shikamoo mwalimu Loyce. Shikamoo mwalimu Mbwambo."

Nilimshika nikamkumbatia, na hapo ndipo nikamsikia anatetemeka.

"Uliogopa?"

"Niliogopa yule mnyama. Ila nilijua hamjaenda mbali." Akanitazama kama ananikumbusha kitu kidogo nilichosahau. "Bila mimi hamwezi kuanza kuhesabu."

Mwalimu Mbwambo alitoka nje. Nilipomfuata alikuwa anafuta miwani kwa shati, na machozi yalikuwa yanashuka wala hakuyaficha. Mimi nililia hadi getini. Mtoto ndiye aliyetubembeleza.

Kesho yake, kabla ya kengele ya mstarini, nilikwenda kwa mwalimu mkuu na mama yake Agatha, nikaeleza yote yaliyotokea na sehemu yangu ndani yake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu aandikwe." Hakuomba kingine. Mwalimu mkuu akaanza habari za utaratibu. Mwalimu Mbwambo akachukua daftari la mahudhurio mezani, akatoa kalamu, ya wino safari hii na si ile nyekundu, akaandika chini ya jina la arobaini: Agatha, arobaini na moja. Akapuliza wino ukauke.

"Namba zianzie popote zinapotaka," akasema. "Huyu ameandikwa."

Siku hiyo hiyo nilipanda gari kwenda Kilosa. Barua ya uhamisho ilikuwa imekaa kwenye trei ya ofisi wiki tano, na hakuna aliyekuwa amekuja kuiulizia.

Agatha hakufurahia arobaini na moja. Aliona ameshushwa cheo kutoka mbele hadi mwisho. Alikuja na swali: sasa nani ataanza? Mwalimu Mbwambo, ambaye kwa miaka miwili alikuwa ameipiga sifuri mkasi, ndiye aliyetoa jibu.

"Mwalimu ndiye sifuri," akasema. "Yeye si mmoja wa watoto, hatakiwi kuhesabiwa nao. Lakini hesabu isianze mpaka yeye amefungua mdomo."

Hivyo ndivyo tulivyofanya tangu siku ile. Mwalimu husema sifuri, na kwa kuisema anaahidi kwamba macho yake yako kwa watoto, hayako kwenye matapishi wala kwenye mpunga. Ndipo namba moja anajibu. Tulimaliza ugomvi hapo, ingawa kwenye mitihani aliendelea kuwakata watoto wangu, na mimi nikajifunza kuwaambia: kwenye karatasi andikeni kama mwongozo unavyotaka, maana mnataka maksi, na nyumbani mtaendelea kufikiri.

Nilipohamia hapa Mikumi nilikuja na makopo kwenye gunia. Mnajua mengine. Watoto wetu hapa ni wa wauza matunda, wa mafundi, wa madereva wanaopita, wengine wanahamia Januari na kuondoka Mei, na barua zao zinawafuata nyuma kwa nyuma. Kwa hiyo niwaombe jambo moja la kazi. Kila asubuhi, kabla ya kuita majina, hesabuni vichwa kwanza. Idadi ya vichwa ikizidi majina, msimtafutie mtoto namba ya ujanja kama nilivyofanya. Pandeni gari mkaitafute karatasi.

Mwalimu Kelvin, unakumbuka ulivyoniletea simu yako mwaka jana? Ulikuwa umetafuta kama sifuri ni namba asilia, ukakuta wasomi wakubwa wa dunia bado hawajakubaliana. Wengine wanaanza na sifuri, wengine na moja, na kila kitabu kinatangaza mapema kiko upande gani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni nilimpigia Mwalimu Mbwambo, naye yuko kwao Upare anafuga nyuki, nikamwambia tumegombana miaka yote ile bure, wote tulikuwa sawa. "Mwalimu Loyce," akasema, "mimi nilikuwa sawa zaidi."

Agatha ni muuguzi Vidunda, ana watoto wawili. Wiki niliyostaafu alipiga simu kunipongeza, na kabla ya kukata akaniuliza swali lile lile la utotoni. "Mwalimu, sasa nani ataanza?"

Nikamwambia nitampigia nikijua. Kelvin, siku ya mwisho ulidhani nimeshaondoka. Nilikuwa kwenye dirisha la stoo, na mkoba wangu begani. Ulikuwa umewapanga darasa la nne, hamsini na wawili, kuvuka barabara kuu kwenda uwanjani, na malori yalikuwa yanapita kwa fujo kama kawaida. Ukawaambia, "Haya, hesabuni." Hakuna aliyesema kitu. Ukarudia. Yule binti wa fundi baiskeli, namba moja, alikuwa amefunga mdomo wake kabisa.

"Hatujaanza, mwalimu," akakwambia. "Bado sifuri."

Nilikuona unageuka kutazama ofisini, unanitafuta. Sauti ilikuwa tayari kutoka, na nikaizuia, nikashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Ukarudisha macho kwa watoto. Ukawaangalia wote, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, taratibu, bila haraka.

"Sifuri!" ukasema.

"Moja!" akajibu binti wa fundi.

Nilisubiri mpaka hamsini na mbili, nikawaona mmevuka wote. Kisha nikatoa simu, nikampigia Agatha, nikamwambia wameanza.